Sebule Kwanza, Spika Baadaye: Mahali pa Jozi Mpya Katika Nyumba za Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, nyumba mpya zimesambaa kila upande: Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, Mkonze, Nala. Ukiingia ndani, sebule nyingi zinafanana. Chini ni marumaru, kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, dari ni ya jipsamu, madirisha ni ya alumini yenye vioo vipana. Makochi yamezunguka kuta tatu, na ukuta wa nne umeachiwa runinga na kabati lake. Humo ndimo mtu anapoingiza jozi mpya ya spika ndogo, zile za ukubwa wa kukaa juu ya rafu, na humo ndimo anapogundua kwamba sauti iliyomvutia dukani haikufuatana naye nyumbani.

Lawama ya kwanza huangukia spika, ya pili amplifaya. Mara nyingi vyote viwili havina kosa. Kilichobadilika ni chumba, na sebule ya Dodoma ya leo ina tabia zinazoiweka mbali sana na chumba alichokifikiria mtengenezaji alipoandika kijitabu cha maelekezo. Tena kijitabu hicho humdhania msikilizaji mmoja, ameketi peke yake katikati, kiti chake hakina jirani. Sebule zetu hazikujengwa kumtumikia mtu huyo. Zimejengwa kwa familia, wageni, na jirani aliyeingia kusikiliza taarifa ya habari. Kwa hiyo zipo kanuni za upangaji zinazopaswa kushikwa bila kulegezwa, na zipo za kupindishwa kwa makusudi. Kuzitenganisha ndiko kunakoamua kama fedha iliyotumika itarudi kama muziki au kama kelele.

Sauti inayotoka na sauti inayorudi

Aliyeketi mita mbili na nusu mbele ya spika husikia vitu viwili. Kwanza humfikia sauti iliyosafiri moja kwa moja. Milisekunde chache baadaye hufuata sauti ileile ikiwa imegonga sakafu, dari na kuta. Katika chumba kisicho na vitambaa, hii ya pili ndiyo inayotawala. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliipatia hesabu hali hii mwishoni mwa karne ya 19, alipopewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao maneno ya mzungumzaji yalimezwa na mwangwi. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaiongeza kidogo kidogo, na kila mara akapima muda ambao sauti ilichukua kufifia. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa eneo linalonyonya sauti.

Tuifanye hesabu hiyo kwa sebule ya mita 5 kwa 4 yenye dari ya mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, na nyuso zake sita kwa pamoja ni mita za mraba 94. Marumaru, kioo na lipu iliyopakwa rangi hunyonya asilimia chache tu ya sauti inayozigonga. Tukikadiria asilimia 3, eneo linalonyonya halifiki hata mita za mraba 3, na mwangwi wa chumba hicho kikiwa kitupu huchukua zaidi ya sekunde 3 kufifia. Ukiingiza makochi ya kitambaa, zulia nene na mapazia mazito hadi eneo hilo lifike mita za mraba 20, muda unashuka mpaka karibu nusu sekunde, kiwango kinachofaa kwa muziki wa nyumbani. Hakuna spika, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuleta badiliko la ukubwa huo.

Uwanda huu wa kati haukuwa na tatizo hilo zamani. Ngoma za Wagogo, pamoja na muheme unaopigwa na wanawake, huchezwa uwanjani, ambako sauti ikitoka haina pa kurudia. Hata tembe, nyumba ya jadi ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, haikuwa na nyuso ngumu na nyororo zinazotazamana kama za sebule ya marumaru. Muziki uliozaliwa pasipo mwangwi sasa unasikilizwa katika vyumba vyenye mwangwi wa kupindukia, na ndiyo maana mwenye kupanga spika Dodoma huanza kazi akiwa nyuma kidogo ya mwenzake mwenye chumba cha sakafu ya mbao na zulia ukuta hadi ukuta.

Mtu anaweza kudhani kuwa tatizo ni mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini tofauti hiyo, kwa ukubwa wa sauti, haizidi desibeli moja hivi, na inazibwa kwa kugusa kidogo tu kitufe cha sauti. Joto nalo hubadilisha mwendo wa sauti kutoka mita 340 kwa sekunde asubuhi ya nyuzi 15 hadi mita 349 mchana wa nyuzi 30. Ni tofauti ambayo sikio haliwezi kuihusisha na mahali pa spika. Hali ya hewa ya Dodoma ina madhara yake kwa vifaa, tutayafikia, lakini kwenye suala la wapi pa kuziweka haina kura.

Ukuta, kona na besi

Spika ndogo zilipata nafasi majumbani baada ya mwaka 1954, Edgar Villchur na kampuni ya Acoustic Research ya Massachusetts walipotoa AR-1, spika iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku kama springi ya koni. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya kina alilazimika kuwa na kabati kubwa. Tangu hapo sanduku dogo likaweza kutoa besi ya heshima, lakini kwa sharti moja: kiasi cha besi hiyo kinategemea mno kuta zilizo karibu nalo.

Mawimbi ya besi ni marefu. Mlio wa hezi 50 una urefu wa karibu mita 7, mrefu kuliko sebule yenyewe, na huizunguka spika pande zote. Ukutani unarudishwa mbele na kujiunga na wenzake. Kinadharia kila uso mkubwa ulio karibu sana na spika huongeza hadi desibeli 6 kwenye besi. Kwenye kona, ambako sakafu na kuta mbili hukutana, nyongeza hujumlishana. Hii ndiyo siri ya sabufa inayowekwa kona ya sebule na kutikisa vioo vya madirisha. Ndiyo pia sababu mtu akiziweka spika zake ndogo kwenye kona mbili za chumba hufurahi saa ya kwanza, kisha kufikia jioni anagundua kwamba gitaa la besi katika kila wimbo linapiga noti ileile.

Upande wa pili wa jambo hili huzungumzwa mara chache. Sauti inayorudi kutoka ukutani inaweza pia kuifuta ile inayokwenda mbele, pale umbali wa spika na ukuta unapokuwa robo ya urefu wa wimbi. Umbali wa mita 1 hufuta eneo la hezi 86. Sentimita 50 hufuta karibu na hezi 172, na sentimita 30 karibu na hezi 286. Ukijua hilo, unapata kanuni isiyolegezwa: umbali wa koni ya besi hadi ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni na sakafu usiwe sawa. Vikiwa vitatu vyote sentimita 60, shimo moja linachimbwa mara tatu mahali pamoja. Vikiwa 45, 75 na 130, mashimo yanatawanyika na sikio haliyasikii sana.

Chumba chenyewe pia kina milio yake kinayoipenda. Kila jozi ya kuta zinazotazamana hukuza mlio ambao nusu ya wimbi lake ni sawa na umbali kati ya kuta hizo. Kuta zilizo mita 4 mbali hukuza hezi 43, za mita 5 hukuza hezi 34, na dari ya mita 3 hukuza hezi 57. Sebule ya mita 4 kwa 4, umbo linalopendwa kwa kuwa ni rahisi kuchora na kuezeka, hukuza hezi 43 mara mbili, na hakuna upangaji wa spika unaoondoa kasoro hiyo kabisa. Unaweza tu kuipunguza kwa kutoiweka spika kwenye kona na kutokaa na kichwa ukutani, kwa maana hapo ndipo mawimbi haya yanapokuwa na nguvu kuliko pote.

Dari ya jipsamu inastahili sifa yake hapa. Ubao mwembamba wenye hewa juu yake hutetemeka besi inapoupiga, na kutetemeka huko hula sehemu ya nguvu. Slabu ya zege haifanyi hivyo. Mwenye nyumba ya ghorofa aliyeacha zege wazi juu ya kichwa atasikia besi nzito na ndefu kuliko jirani yake mwenye bati, kenchi na jipsamu. Wa bati, naye, atalazimika kuzima muziki mvua inaponyesha. Dodoma hilo si tatizo kubwa: mvua zake huja kati ya Desemba na Aprili tu.

Spika nyingi ndogo zina tundu la kupumulia, na mara nyingi liko mgongoni. Tundu la nyuma lisizibwe na ukuta wala mapazia. Achia angalau sentimita 15 hadi 20. Kama kabati linakulazimisha kusogea zaidi ya hapo, kuziba tundu kwa kipande cha sponji au soksi safi hupunguza besi iliyozidi. Jozi nyingine huja na sponji hizo kwenye boksi, na wengi huzitupa pamoja na karatasi.

Urefu wa sikio na kazi ya fundi

Kanuni ya pili isiyolegezwa ni urefu. Twita, ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, hurusha sauti yake mbele kwa mwale mwembamba kiasi. Anayesikiliza kutoka juu au chini ya mwale huo hupoteza herufi za maneno, mng'ao wa matoazi na sauti ya kidole kikigusa uzi wa gitaa. Mtu aliyeketi kwenye kochi la kawaida ana masikio yaliyo sentimita 90 hadi 105 kutoka sakafuni. Kabati la runinga huwa na urefu wa nusu ya hapo, na juu ya kabati la vyombo ni zaidi ya kimo cha mtu. Sehemu mbili zinazotumika zaidi ndizo mbili zisizofaa.

Suluhisho la gharama nafuu liko kwa fundi wa kuchomelea. Bomba la mraba la inchi mbili au tatu, bamba la chini pana na zito, bamba la juu la ukubwa wa spika, na urefu wa sentimita 60 hadi 70, vinampa mtu stendi inayolingana na za dukani. Bomba tupu hulia kama kengele, kwa hiyo lijazwe mchanga wa korongo uliochekechwa na kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa, kisha lizibwe. Kati ya bamba na spika vikae vipande vinne vya raba, hata vya kandambili iliyochakaa, ili sanduku lisiteleze wala kulitetemesha bamba. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki misumari ukutani ana sababu ya ziada ya kuchagua stendi.

Kama lazima ziwe juu ya kabati la runinga, zisogezwe mpaka ukingo wa mbele ili sauti isigonge uso wa kabati, na zielekezwe juu kidogo kwa kuweka raba nene chini ya ukingo wa mbele. Na vitambaa vya kufuma vinavyopamba redio na kochi visishuke mbele ya spika. Uzi uliofumwa wazi hauna madhara makubwa, lakini kitambaa kizito huikata sauti ya juu, na juu ya amplifaya huzuia joto kutoka. Wavu wa mbele ubaki mahali pake kwenye nyumba yenye watoto, kwani kidole kimoja kinatosha kubonyeza kuba ya twita isirudi tena.

Makochi pande tatu

Hapa ndipo kijitabu cha maelekezo kinapoishiwa. Mfumo wa stirio una asili kwa Alan Blumlein, mhandisi wa EMI aliyeomba hataza yake Uingereza mwaka 1931. Ukiketi mahali ambapo spika mbili ziko umbali sawa na wewe, ubongo huunganisha sauti mbili kuwa taswira moja, na mwimbaji husikika katikati, mahali ambapo hakuna spika. Kutokana na hilo yanakuja maelekezo ya pembetatu yenye pande sawa: umbali kati ya spika mbili uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kwa msikilizaji. Ukisogea nusu mita kushoto, sauti ya spika ya kushoto inakufikia mapema, na mwimbaji anahamia kwake.

Kwa mtu mmoja pembetatu ni jibu kamili. Kwa sebule ya watu saba ni jibu kwa mmoja na hasara kwa sita. Kochi la katikati lenyewe lina adabu zake: baba, mgeni au bibi huketi hapo, na si lazima awe ndiye anayejali muziki. Kwa hiyo swali sahihi kwa sebule yetu ni jinsi ya kupunguza tofauti kati ya kiti kizuri na kiti kibaya.

Hatua ya kwanza ni kuchagua ukuta. Vitabu vingi hupendekeza spika ziwe kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba. Katika sebule ya mita 5 kwa 4 yenye makochi pande tatu, ushauri huo huwaweka watu wa pembeni chini ya mita moja kutoka spika iliyo upande wao, hata wasiisikie ya pili. Zikiwekwa kwenye ukuta mrefu, mambo hubadilika. Achia mita 2.4 kati ya spika mbili, sentimita 45 kutoka ukuta wa nyuma, na kila pembeni kunabaki mita 1.3. Kochi kuu linakaa ukuta wa mkabala, karibu mita 2.8 mbele, na pembetatu inakaribia kuwa sawa. Makochi ya pembeni yanapata nafasi ya kupumua, na kuta za pembeni, kwa kuwa ziko mbali, hazirudishi sauti mapema.

Hatua ya pili ni pembe. Kawaida spika huelekezwa kwa msikilizaji, au nje kidogo ya mabega yake. Kwa kundi, zigeuzwe ndani zaidi, hadi mistari inayotoka kwenye twita ikutane nusu mita au zaidi mbele ya kochi kuu. Aliyeketi kushoto sasa anatazamwa moja kwa moja na spika ya kulia, ambayo ni ya mbali, huku ya kushoto ikimpa ubavu. Ya mbali inamfikia kwa kuchelewa lakini ikiwa na nguvu zaidi, na vitu hivyo viwili vinasawazishana kiasi. Taswira haiwi kali kama ya kiti cha katikati, lakini mwimbaji haruki tena kutoka upande mmoja kwenda mwingine mtu anapobadilisha kiti.

Hatua ya tatu ni kochi kuu lenyewe. Likisogezwa sentimita 20 au 30 kutoka ukutani, besi iliyovimba inatulia kwa kiasi kinachosikika. Pale ambapo chumba hakiruhusu, mto mrefu au pazia nene nyuma ya vichwa husaidia sauti za kati na za juu, ingawa besi hubaki palepale. Meza ya kioo iliyo katikati nayo hurudisha sauti usoni mwa watu. Itandikwe kitambaa kizito wakati wa kusikiliza, au isogezwe.

Kila mpango una gharama. Ukuta mrefu mara nyingi ndio wenye mlango wa korido au dirisha kubwa. Upande mmoja ukiwa na uwazi wa kwenda chumba cha chakula, besi ya upande huo hutoroka, na spika hiyo husikika nyembamba kuliko mwenzake. Hapo isogezwe karibu na ukuta wa nyuma kwa sentimita chache kuliko ya pili. Hailingani kwa macho, lakini italingana kwa masikio.

Marumaru, mapazia na trei za mayai

Mahali pa spika pakishapatikana, kinachobaki ni nyuso. Njia rahisi ya kujua zipi zina makosa ni kioo cha mkononi. Mmoja aketi kwenye kochi, mwingine akipitishe kioo ukutani kwa urefu wa sikio. Pale aliyeketi anapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kumfikia. Sakafu ina sehemu yake kama hiyo, kati ya spika na kochi, na hapo ndipo zulia linapostahili kutandikwa. Zulia la mkonge husaidia kidogo, la manyoya marefu zaidi, na lolote kati ya hayo ni bora kuliko marumaru tupu.

Mapazia ya Dodoma hununuliwa kwa ajili ya jua na vumbi, lakini mazito yenye mikunjo mingi hufanya kazi ya tatu. Kitenge kilichotundikwa kikigusana na ukuta karibu hakifanyi kitu. Kikitundikwa sentimita kumi mbele ya ukuta, kikiwa na blanketi nyuma yake, kinaanza kufanya kazi. Rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti huvunja sauti na kuitawanya. Ukuta uliopambwa kwa picha za vioo hauvunji chochote.

Trei za mayai, zinazobandikwa kwenye studio ndogo nyingi za Afrika Mashariki, hazistahili sifa zinazopewa. Karatasi yake ni nyembamba. Hunyonya sehemu ndogo ya sauti za juu, huiacha besi kama ilivyokuwa, haizuii sauti kumfikia jirani, na hushika moto upesi. Sponji nene ya godoro ndani ya fremu ya mbao hunyonya vizuri sauti za kati na za juu, ila nayo huungua kwa moshi wa sumu na haifai kukaa karibu na soketi. Mito ya sufi na pamba nayo hunyonya sauti, na haiwashangazi wageni.

Jirani naye yumo kwenye hesabu. Zulia na mapazia hutengeneza sauti ya ndani, hayaizuii kutoka. Besi hupita ukuta wa tofali na kumfikia aliyelala upande wa pili. Stendi nzito, kona zilizoachwa wazi na sauti ya wastani ndivyo vinavyomlinda zaidi.

Waya, umeme na vumbi

Kosa linaloharibu jozi nyingi kuliko yote ni dogo sana: waya zilizogeuzwa kwenye spika moja. Koni moja inasukuma nje huku nyingine ikivuta ndani, besi inafutika, na mwimbaji hana mahali. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Pale rangi zisipoonekana, spika isiyo na amplifaya ndani hupimwa kwa betri ndogo ya volti 1.5: gusisha kidogo chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, koni itoke nje. Ikiingia ndani, umegeuza.

Kuhusu waya wenyewe, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha kwa mita tano. Ukinzani wake kwenda na kurudi ni karibu sehemu moja ya kumi ya omu, ambayo mbele ya spika ya omu 8 si kitu. La kuangalia ni kama ni shaba kweli: mkwaruze uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya wekundu, ndani ni aluminiamu, na utahitaji waya mnene zaidi.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Vifaa vya mtumba vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya volti 120. Vikichomekwa bila transfoma ya kushusha, huungua siku hiyohiyo. Uwanda wa kati una jambo jingine la ardhini. Udongo mkavu wenye mchanga haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya ethi iliyofanya kazi Machi inaweza kuwa haifanyi kazi ipasavyo Oktoba. Mvumo wa chini unaosikika muziki ukiwa umezimwa unaweza kuanzia hapo, au kwenye waya wa dishi la king'amuzi. Chomoa waya huo kwanza. Mvumo ukikoma, umempata mhalifu. Usipokoma, fundi umeme aikague ethi.

Kiangazi, Mei hadi Novemba, upepo huingiza vumbi jekundu kupitia wavu wa dirisha. Hukaa kwenye kingo za raba za koni na kuingia kwenye kitufe cha sauti hadi kikwaruze kikizungushwa. Brashi laini ya rangi inatosha kusafishia, bila maji na bila kupuliza kwa nguvu kwenye twita. Jua la moja kwa moja ni baya zaidi: hukausha raba na kuozesha sponji inayoshikilia koni. Spika isikae mahali ambapo jua la saa kumi linaifikia kupitia kioo.

Kupima kwa sikio

Kifaa cha kupimia kiko kichwani, ila kinahitaji muziki unaofaa. Anza na mono. Nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa hivyo, na sauti yake yote inapaswa kusimama katikati. Ukisikiliza Mbaraka Mwinshehe, au Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi aliyeongoza Afro 70, na mwimbaji akavutwa upande mmoja, ama umbali haulingani ama ukuta mmoja unarudisha sauti kuliko mwingine.

Kisha sikiliza msomaji wa habari wa kiume. Akisikika kana kwamba anazungumzia ndani ya pipa, spika ziko karibu mno na ukuta au kona. Akisikika mwembamba, zimesogezwa mbali mno. Baada yake iwekwe ilimba. Katika “Chibite”, albamu iliyotolewa na Real World mwaka 1996, Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, anapiga ilimba ambayo kila noti yake ina mkwaruzo mdogo unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye kisanduku. Mkwaruzo ukisikika umeshikamana na noti yake, twita ziko kwenye urefu unaofaa na chumba kimetulia. Ukisambaa kuwa mvumo mmoja, rudi kwenye zulia.

Mwisho zunguka. Keti kila kochi kwa dakika chache na wimbo uleule. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, weka alama ya tepu sakafuni kabla ya kusogeza, na usogeze kwa sentimita tano au kumi. Kuhusu wanaosema spika mpya zinahitaji mamia ya saa kabla ya kuhukumiwa, ukweli ni kwamba sehemu laini za koni hulegea kidogo mwanzoni. Kinachoendelea kuzoea wiki nzima ni sikio, na sikio huzoea hata upangaji mbaya. Pima mapema.

Fedha iende wapi

Ukilinganisha yote haya, mpangilio wa matumizi unajitokeza wenyewe. Kuhamisha spika na kochi hakugharimu kitu na huleta badiliko kubwa kuliko lolote. Zulia na mapazia hufuata, kisha stendi. Amplifaya mpya ni ya mwisho, na sabufa ya kuongezea ije baada ya kuhakikisha kuwa besi unayodhani imepungua haijafutwa tu na umbali mbaya wa ukuta. Wauzaji wana kila sababu ya kuupindua mpangilio huu, kwa kuwa hakuna anayelipwa kwa kukushauri usogeze kochi.

Dodoma ina nafasi ambayo miji mingi imekwisha kuipoteza: sehemu kubwa ya sebule zake bado ni michoro. Mtu anayejenga leo Nala au Mkonze anaweza kumwomba mchoraji chumba cha mita 5.2 kwa 4 badala ya mraba. Anaweza kuhamishia soketi na njia ya king'amuzi kwenye ukuta mrefu usio na mlango, kulaza bomba la waya kabla ya marumaru, na kuachia dari yake jipsamu. Vitu hivyo kwenye karatasi ni mistari tu. Baada ya lipu kukauka, kila kimoja kinakuwa kazi ya nyundo.